Kitulizi cha Lenzi na Mtoto Arukaye Majini

Mpiga picha ajitafutiaye riziki ufukweni Gitaza, kando ya barabara itokayo Bujumbura kwenda Rumonge, ajua kuwa mzazi hailipii picha ambayo uso wa mwanawe ni ukungu mtupu. Wengi hudhani dawa yake ni lenzi yenye kitulizi.

Chombo hicho, ambacho Canon ilianza kukitia katika lenzi zake mwaka 1995, kina manufaa yake. Vihisio vilivyomo hutambua mtikisiko wa mkono, na kipande cha kioo husogezwa ili taswira itulie. Basi hutulizwa mkono, wala si mtoto arukaye majini. Huyo hutaka kamera ifunguke na kufungwa upesi, sehemu 1 ya 1000 ya sekunde, mchana jua likiwaka.

Taabu huja jioni, jua likielekea Kongo. Kitulizi humshawishi mtu kutumia sehemu 1 ya 30. Milima ya ng'ambo hutoka safi ajabu, na mvuvi arushaye wavu hana mikono! Heri kuiongezea kamera wepesi wa kupokea mwanga, japo picha itaingia chembechembe.

Mwendesha baiskeli apitaye barabarani ni habari nyingine. Hapo sehemu 1 ya 30 yafaa, kamera ikimfuata sambamba. Lenzi nyingi zina hali ya pili, itulizayo mtikisiko wa juu na chini tu. Isipokuwapo, wala lenzi haitambui yenyewe kwamba inageuzwa, kitulizi kizimwe.