Wakufunzi Wapya Wapewe Jembe

Kila mwaka wa masomo unapoanza, vyuo vyetu vya uuguzi na sayansi za afya huwapokea wakufunzi wapya. Wanachuo hukusanywa ukumbini, majina ya wageni husomwa pamoja na shahada zao, makofi hupigwa, kisha kila mtu hurejea kazini kwake. Shughuli hiyo ni njema, kwani ni ada ya kiungwana kumtambulisha mgeni kwa wenyeji wake. Lakini wahenga walikwisha kutuusia kwamba mgeni ni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Swali tunalopenda kuliweka mbele ya wasomaji wetu ni hili: makofi yakiisha, je, wakufunzi hao hupewa jembe?

Swali hili lina uzito wa pekee katika Mkoa wa Shinyanga na katika Mkoa wa Geita, ambao ulianzishwa mwaka 2012. Huko kuna vyuo vya uuguzi vya Kahama na Geita, na kuna chuo cha Kolandoto, kando ya hospitali iliyoanzishwa na wamisionari miaka mingi kabla ya Uhuru, karibu na mji wa Shinyanga. Kijana anayehitimu katika vyuo hivyo huenda akapangiwa zahanati ambayo muuguzi ndiye mkunga, ndiye mtoa dawa, na usiku ndiye mlinzi wa uhai wa kijiji kizima. Kwa hiyo anayemfundisha kijana huyo hafundishi mtu mmoja, bali kijiji kizima.

Tena nchi ile ina maradhi yake. Mgodi mkubwa wa Geita ulianza kutoa dhahabu mwaka 2000, na ule wa Bulyanhulu mwaka 2001. Lakini pembeni mwa migodi hiyo wapo wachimbaji wadogo wengi mno, wanaoshuka katika maduara kwa kamba na kusaga mawe kwenye makarasha. Vumbi la mawe hayo huharibu mapafu na kuyafungulia mlango maradhi ya kifua kikuu. Maduara nayo huporomoka. Mwaka 2015, huko Nyangalata wilayani Kahama, wachimbaji walitolewa wakiwa hai baada ya kufukiwa ardhini kwa siku 41, wakapelekwa hospitali ya Kahama. Mtu aliyekaa gizani siku zote hizo bila chakula hawezi kulishwa kama mgonjwa wa kawaida, kwa maana chakula kingi cha ghafla chaweza kumwua. Aliyesimama kando ya kitanda chake alihitaji kulijua hilo, na ni lazima awepo wa kumfundisha.

Zaidi ya hayo iko zebaki. Mchimbaji huichanganya na mchanga wa dhahabu, kisha huuchoma mchanganyiko huo, mara nyingine jikoni kwake, watoto wakiwa karibu. Moshi wake hauonekani wala hauna harufu, lakini hudhuru ubongo, mishipa ya fahamu na figo, na hudhuru mtoto aliye tumboni. Dunia iliuona ubaya wa zebaki huko Minamata, Japani, ugonjwa wake ulipotambuliwa mwaka 1956. Na mkataba wa kimataifa wa kuidhibiti, uliopewa jina la mji huo, ulipitishwa mwaka 2013. Tanzania nayo imeuridhia. Hata hivyo mkataba haumpimi mama mjamzito. Anayempima ni muuguzi, na kinga ya mama huyo yaweza kuanza kwa swali moja jepesi: unafanya kazi gani, na wapi? Muuguzi ambaye hakufundishwa kuuliza swali hilo atamwandikia dawa ya kichwa mwanamke anayeshinda mwaloni akiosha mchanga, na kumrudisha kule kule kwenye zebaki.

Mtaala wa uuguzi ni mmoja kwa nchi nzima, na ndivyo ipasavyo. Lakini mtaala hauwezi kutaja kila duara na kila mwalo. Kazi ya kuunganisha kitabu na mazingira ni ya mkufunzi. Mkufunzi aliyetoka Dar es Salaam, karibu kilomita 1,000 kutoka Shinyanga, hawezi kuifanya kazi hiyo iwapo katika muhula wake wa kwanza hakuonyeshwa lolote ila ukumbi, ubao na rundo la madaftari ya kusahihisha.

Wasomaji wetu walio walimu wanaijua hadithi hii. Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliwafungulia watoto wote milango ya shule ya msingi, nalo lilikuwa tendo kubwa la haki. Lakini madarasa yalijaa upesi kuliko walimu walivyoweza kuandaliwa. Sekondari za kata nazo zilijengwa kwa jasho la wananchi, na nyingi zilikaa muda mrefu zikiwangoja walimu. Katika afya, Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi ulioanza mwaka 2007 ulilenga zahanati kwa kila kijiji na kituo cha afya kwa kila kata. Kuta huinuka kwa miezi. Muuguzi huandaliwa kwa miaka. Na anayemwandaa muuguzi huandaliwa kwa miaka mingi zaidi. Tuliona pia miaka ya 1990, ajira katika afya ziliposimamishwa kwa masharti ya kubana matumizi, jinsi kizazi kimoja cha warithi kilivyokosekana. Pengo la namna hiyo halizibwi kwa tangazo moja la kazi.

Lipo pia jambo ambalo watumishi wa Serikali wanalielewa kuliko watu wengine. Vyuo vya Serikali vya fani hii viko chini ya Wizara ya Afya, ilhali hospitali za wilaya, vituo vya afya na zahanati viko chini ya halmashauri, kwenye TAMISEMI. Hivyo mkufunzi huingia wodini kama mgeni, na muuguzi wa wodi huwaona wanachuo kama mzigo aliotwikwa na ofisi nyingine. Mwanachuo akikosea kufunga kidonda, nani amrekebishe? Mkufunzi yuko chuoni akifundisha darasa lililofurika. Muuguzi wa zamu ana wagonjwa wanaomsubiri. Mwanachuo hujifunza kwa kubahatisha, na mgonjwa ndiye anayelipa.

Kwa hiyo jembe tunalolisema si fumbo. Kwanza, mkufunzi mpya atambulishwe kwa muuguzi mfawidhi wa hospitali na kwa mganga mkuu wa wilaya, si kwa wanachuo peke yao; na ofisi hizo mbili ziandikiane makubaliano ya siku za mkufunzi kufanya kazi wodini pamoja na wanachuo wake. Pili, katika muhula wa kwanza apelekwe kwenye zahanati ya kijijini na kwenye machimbo. Tatu, idadi ya wanachuo ifuate idadi ya wakufunzi. Chuo kinachopokea ada za wanachuo ambao hakina wa kuwafundisha, kiwe cha Serikali au cha binafsi, kinauza vyeti. Nne, mkufunzi apate nyumba, na madai yake halali ya uhamisho yalipwe bila kuzungushwa. Barua yake inapolala miezi mitatu juu ya meza ya ofisa, ofisa huyo ajue kwamba anamsaidia mkufunzi kufungasha mizigo.

Nao wakufunzi wana wajibu wao. Shahada haimtoi mtu katika kazi ya mikono. Wakumbuke kwamba wagonjwa wengi watakaowakuta wanazungumza Kisukuma nyumbani, na kwamba mkunga aliyezeeka wodini anayo elimu isiyoandikwa. Wajifunze kwake kabla ya kumsahihisha.

Tunayo sababu ya kutumaini. Utafiti wa Taifa wa mwaka 2015 hadi 2016 ulikadiria vifo 556 vya wazazi katika kila vizazi hai 100,000. Ule wa mwaka 2022 ulikadiria 104. Wauguzi na wakunga wana sehemu kubwa katika mafanikio hayo, na kila mmoja wao alipita katika mikono ya mkufunzi. Wale wanaotambulishwa Kahama, Geita na Kolandoto wamekuja kuiendeleza kazi hiyo. Tuwapigie makofi, lakini asubuhi ya siku ya tatu wakute jembe liko tayari mlangoni, limepigwa mpini.