Chuma cha Basi Kipimwe kwa Kishindo

Mtu akiingia katika karakana ya mafundi wanaounda mabodi ya mabasi juu ya chasisi zilizoagizwa ng'ambo, akauliza habari ya uthabiti wa mabomba ya mraba yanayochomelewa kuwa nguzo za madirisha na mihimili ya paa, ataonyeshwa, ikiwapo, hati yenye tarakimu ya nguvu. Na aghalabu tarakimu hiyo imepatikana kwa kukikamata kipande cha chuma ncha mbili ndani ya mashine na kukivuta taratibu, kwa dakika nzima au zaidi, hata kikakatika. Sikatai manufaa ya jaribio hilo. Lakini basi linapogongana na lori, chuma hakingojewi dakika; hukunjwa katika sehemu ndogo mno ya sekunde, na rai yangu ni kwamba hati iliyonyamaza juu ya kishindo haitoshi kuwa dhamana ya roho za abiria.

Jambo hili si geni kwa wataalamu. Mwaka 1872 John Hopkinson, mhandisi wa Kiingereza, aliutungika waya wa chuma, akaufunga kizuizi upande wa chini, kisha akaachia uzito wenye tundu uteleze juu ya waya ule hadi ukakipiga kizuizi. Ikadhihirika kwamba lililoamua kukatika kwa waya lilikuwa hasa kimo ulikotoka ule uzito, yaani kasi ya pigo, wala si wingi wa ratili zake. Na pengine waya ulikatika juu kabisa, mahali ulipofungwa, mbali na pigo lenyewe, kwa kuwa wimbi la mkazo lilipanda, likakigonga kifungo, na hapo mkazo ukazidi maradufu.

Mwanawe Bertram, ambaye alikuwa profesa Cambridge, aliendeleza kazi hiyo katika makala yake ya mwaka 1914. Alitungika mtaimbo mrefu wa feleji, akauunga kipande kifupi kwenye ncha moja kwa nguvu ya sumaku tu. Risasi ilipoipiga ncha ya pili, wimbi lilikimbia ndani ya mtaimbo kwa mwendo wa takriban mita 5,000 kwa sekunde, likaingia katika kile kipande. Na liliporejea likiwa la kuvuta badala ya kusukuma, sumaku ilishindwa kuzuia, kipande kikachopoka na sehemu yake ya lile pigo. Mwaka 1949 Herbert Kolsky aliweka sampuli baina ya mitaimbo miwili, na njia hiyo ndiyo inayotumika hata leo.

Linalonivutia zaidi, hata hivyo, ni jaribio la G. I. Taylor, lililochapishwa 1948, kwa kuwa ushahidi wake mtu aweza kuushika mkononi. Mche wa duara wenye uso bapa hufyatuliwa dhidi ya bamba gumu kama fuawe. Ukiokotwa, upande wa mbele umetanuka kama uyoga, ilhali wa nyuma umebaki vile vile ulivyotoka kukerezwa. Pima urefu wa kwanza, urefu uliosalia na urefu wa sehemu isiyoguswa. Ukiijua na kasi yake, utakokotoa nguvu ya metali hiyo katika lahadha ya kugongwa.

Kwa njia hizi imethibitika kwamba chuma laini, kikipigwa kwa kasi, hukataa kulegea mpaka mkazo upite sana ule wa mvuto wa polepole, hali aina nyingi za aluminiamu hubadilika kidogo tu. Asifurahi mtu upesi: penye ufa au mshono uliochomelewa vibaya, ukaidi huo huo wa chuma hukifanya kipasuke badala ya kukunjika, na hapo ndipo abiria huangamia.

Nyundo ya bembea ya Mfaransa Georges Charpy, ya tangu 1901, hukivunja kipande kilichotiwa pengo, na kimo inachofikia baada ya kuvunja huonyesha kiasi cha nguvu kilichomezwa na chuma. Kwa hiyo nataka kila shehena ya mabomba ya mabodi itolewe vipande vichache, hata wembamba wake ukilazimu viwe vidogo kuliko kawaida, kimoja kikatwe penye mshono, vipigwe kwa nyundo hiyo, na matokeo yaandikwe katika hati ile ile yenye tarakimu ya mvuto.