Kabla Hamjanunua Nyumba ya Zamani Mjini



Akina mama kadhaa wameniuliza swali moja: je, yafaa familia inunue nyumba ya zamani katikati ya mji, au ni heri kutafuta kiwanja kipya huko nje? Huenda unashangaa muuguzi anahusikaje na mambo ya nyumba. Sisi tunaohudumia wagonjwa tunajua kwamba maradhi mengi huanzia nyumbani, yaani ukutani, darini, bombani na chooni. Tena baba na mama wakipoteza akiba yao ya miaka ishirini, presha yao huishia mikononi mwetu.

Nitazungumzia Dar es Salaam, maana ndiko ninakokufahamu. Ukipita Ilala, Magomeni na sehemu za Kariakoo zilizosalia, utaona bado zipo nyumba za Kiswahili: baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba pande zote mbili, na ua nyuma wenye jiko na choo. Upanga nako zimo nyumba zilizojengwa wakati wa Waingereza kwa ajili ya Waasia, zenye dari refu na madirisha mapana. Waliozijenga hawakuwa na viyoyozi, kwa hiyo waliijali hewa. Hospitali, soko na shule viko karibu, na mtoto hapandi daladala mbili alfajiri. Mama mwenye vyumba sita anaweza kukaa vitatu na kupangisha vitatu. Kwa hiyo sisemi msinunue.

Ila mgonjwa akija kwetu hatuanzi na sindano. Twamuuliza historia yake, twampima, ndipo tunapanga tiba. Nyumba ya zamani nayo ifanyiwe hivyo hivyo, na mama awepo katika kila hatua.

Kwanza, historia yake

Historia ya nyumba imo katika karatasi. Nchini Tanzania ardhi yote ni mali ya umma chini ya udhamini wa Rais. Unachonunua ni haki ya kuitumia kwa muda ulioandikwa katika hati, aghalabu miaka 33, 66 au 99. Hivyo tazameni hati ilianza lini. Hati ya miaka 33 iliyotolewa mwaka 1995 inafikia mwisho mwaka 2028! Pelekeni namba ya hati kwa Msajili wa Hati mfanye upekuzi, mjue jina la mmiliki, kama kuna rehani ya benki, na kama mtu ameweka zuio. Ulizeni pia kodi ya ardhi. Tangu mwaka 2021 kodi ya majengo hukatwa mtu anaponunua umeme wa LUKU, lakini kodi ya ardhi ni nyingine, na deni lake laweza kuwa la miaka mingi.

Upanga na katikati ya jiji lipo jambo la pekee. Mwaka 1971 Serikali ilitwaa majengo mengi ya kupangisha yaliyokuwa na thamani kubwa, yakawa chini ya Msajili wa Majumba. Mwaka 1990 yakaunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa. Basi mtu akikuambia, "Nipe kilemba nikuachie nyumba," muulize kama yeye ni mmiliki au ni mpangaji. Kilemba hakikupi hati. Hukupa ufunguo tu, na ufunguo huo mwenye nyumba halisi anaweza kuudai wakati wowote.

Nyumba nyingi za zamani waliozijenga wamekwisha fariki, na hapo ndipo familia nyingi huumia. Nawafahamu mume na mke wa usharika wetu waliolipa nusu ya bei kwa kijana mkubwa wa marehemu. Majirani wote walimtambua kuwa ndiye mwenye nyumba, na hati ya mauziano ikaandikwa mbele ya mashahidi. Miezi miwili baadaye dada zake watatu walifika kutoka mikoani. Hakuna aliyewahi kwenda mahakamani kufungua mirathi, na kijana hakuwa na mamlaka ya kuuza hata bati moja. Fedha alikuwa amekwisha zitumia. Mama yule alikuja kliniki akilalamika kichwa na kukosa usingizi, na dawa ya ugonjwa huo hatuna dirishani. Nyumba ya marehemu huuzwa na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Dai barua ya uteuzi, na warithi wote wakubali kwa maandishi.

Muuzaji akiwa na mke, ulizeni: je, mke anajua? Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inakataza mume au mke kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Msikubali kuambiwa "mama yuko safarini." Aje atie sahihi yake. Ukinunua nyumba ambayo mwanamke mwenzio anatolewa pasipo kujua, umenunua machozi yake pamoja na kesi.

Na sasa upande wako. Sheria hiyo hiyo inampa mwanamke aliyeolewa haki ya kumiliki mali sawa na mwanamume. Nyumba ikiandikwa jina la mmoja, sheria huanza kwa kuichukulia kuwa ni ya huyo mmoja mpaka ithibitishwe vingine. Ikiandikwa majina yote mawili, huchukuliwa kuwa mna sehemu sawa. Wapo watakaosema kwamba kutaka jina lako liwemo ni kutomwamini mume. La hasha! Ukiwa mjane na shemeji wakauliza nyumba ni ya nani, hati itajibu kwa niaba ya mume wako asiyeweza tena kujibu. Mzungumze hayo chumbani, kwa upole, kabla ya kwenda kwa wakili.

Pili, mwili wake

Nendeni kuitazama mara mbili, siku ya jua na siku ya mvua kubwa. Rangi mpya iliyopakwa juzi isikufurahishe mno, maana huficha mengi. Ufa mwembamba wa plasta si neno. Ufa mpana unaopanda mshazari kutoka pembe ya dirisha ni dalili kwamba msingi unazama. Unga mweupe na rangi inayobambuka chini ya ukuta huonyesha unyevu unaopanda kutoka ardhini. Unyevu huzaa ukungu, na ukungu huwasumbua watoto wenye pumu. Gonga fremu na mbao za paa kwa bisibisi. Ikitoa mlio wa utupu, mchwa wamekwisha kula. Mwiteni fundi umeme aliyesajiliwa atazame waya, na fundi bomba atazame mabomba na karo la choo.

Mambo mawili nayasema kama muuguzi. La kwanza ni paa la asbesto, yale mabati mazito ya kijivu yasiyo ya chuma. Likiwa zima na halijaguswa, hatari yake ni ndogo. Likikatwa, likitobolewa au kuvunjwa hutoa vumbi lenye nyuzi nyembamba ziingiazo mapafuni, na saratani yake huweza kutokea miaka 20 hata 40 baadaye. Msimpe kijana wa mtaani alivunje, wala vipande visitandazwe uani. Waulizeni maofisa wa mazingira wawaelekeze wataalamu wa kuliondoa.

La pili ni rangi ya zamani yenye madini ya risasi. Vumbi lake na maganda yake hudhuru ubongo wa mtoto, na hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Watoto wadogo huyafyonza madini hayo mara nne hadi tano kuliko watu wazima, nao hutia kila kitu mdomoni. Rangi kuukuu isikwanguliwe kavu. Iloweshwe kwanza, vumbi lifutwe kwa kitambaa kibichi badala ya kufagiwa, na watoto pamoja na mama mjamzito wasiwepo mpaka kazi iishe.

Ikiwa mna nia ya kubomoa ukuta au kupandisha ghorofa, mwiteni mhandisi na mpate kibali. Nyumba ya chini ilijengewa msingi wa nyumba ya chini. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa liliporomoka Kariakoo na watu wakafa. Uchimbaji na ubomoaji si kazi ya kukisia.

Tatu, tiba yake

Msimalize akiba yote kwenye bei. Andikeni orodha ya sehemu tatu: ya kufanya kabla ya kuhamia, yanayoweza kusubiri mwaka mmoja, na ya urembo. Paa, umeme, maji na choo ni vya sehemu ya kwanza. Vigae vya sebuleni ni vya tatu, hata kama moyo unavipenda. Ikiwa fedha iliyobaki haitoshi sehemu ya kwanza, nyumba hiyo si yenu kwa sasa. Fedha ipite benki, mkataba uandaliwe na wakili wenu wenyewe, na malipo ya mwisho yatoke karatasi zikiwa zimekamilika. Dalali akikuharakisha kwamba yupo mteja mwingine mlangoni, mwache huyo mteja aingie.

Na mkishaipata, msiing'oe baraza wala kuziba madirisha yote. Hewa ile na kivuli kile ndivyo mlivyovilipia.

Mume wako akija jioni na habari ya nyumba, usimwachie yeye na dalali. Mwambie, "Twende wote." Beba daftari, bisibisi na tochi.

Tuonane mwezi ujao.