Nani akague msimbo kabla haujavuka ziwa?

Haya wasomaji, leo tuzungumzie uhakiki wa msimbo. Najua wengine mtapiga miayo, lakini vumilieni kidogo.

OpenMRS ni programu huria ya kutunza kumbukumbu za wagonjwa. Ilianza kubuniwa mwaka 2004, na mwaka 2006 ikaanza kutumika Eldoret, kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na Taasisi ya Regenstrief ya Indianapolis, Marekani. Juu yake ndipo ilipojengwa KenyaEMR. Huku Nyanza, ambako maambukizi ya virusi vya Ukimwi yako juu kuliko sehemu nyingi za nchi, programu hiyo ndiyo inayomkumbusha mhudumu mgonjwa anatumia dawa zipi na anatakiwa kurudi lini.

Mara nyingi seva huwa ndani ya kituo chenyewe, maana mtandao hautegemeki. Kwa hiyo kosa likishaingia kwenye toleo jipya, kulifuta kwa kubofya kitufe ukiwa Nairobi si rahisi. Huenda kuna mtu atakayepanda boti kwenda Mfangano. Ndiyo maana nasema swali la mfumo gani wa kuhakiki si mzaha wa mafundi wa kompyuta.

Wapenzi wa Gerrit, uliozaliwa katika kazi ya Android huko Google, wana hoja nzuri. Kila badiliko hukaguliwa peke yake, na mhakiki huona wazi tofauti kati ya jaribio la kwanza na la pili. Kiufundi sina ubishi nao. Phabricator, uliotoka Facebook, nao ulipendwa, ila kampuni iliyoutunza iliacha kazi hiyo mwaka 2021. Wapo waliouendeleza kwa jina la Phorge, Mungu awabariki. Na viraka vya barua pepe, kama wafanyavyo watu wa Linux? Kwa mtandao hafifu hakuna kinachovishinda: unapakua, unasoma bila intaneti, unajibu jioni. Tatizo ni kwamba kijana aliyeanza kujifunza juzi pale Maseno pengine hajawahi kutuma hata kimoja.

Yeye tayari ana akaunti ya GitHub, na OpenMRS iko huko huko. Basi nachagua GitHub, ingawa moyo wangu uko kwa Gerrit.

Ila nawapinga wanaodhani kazi imeishia hapo. Saa sita mchana Kisumu, Indianapolis ni alfajiri, saa kumi au kumi na moja. Mhakiki akiwa kule tu, swali la asubuhi hujibiwa jioni, na maswali matatu ni siku tatu. Tena aliye mbali ataona kama msimbo ni safi. Hataona kwamba tarehe ya kurudi imeangukia siku ambayo kliniki haifunguliwi.

GitHub hukuruhusu kuandika, katika faili iitwayo CODEOWNERS, nani lazima aidhinishe sehemu ipi. Itumieni! Sehemu za dawa na tarehe za miadi zisiunganishwe bila idhini ya mtu aliyewahi kukaa kwenye kliniki za ufuoni, pamoja na mhakiki mwingine popote alipo. Mtasema itachelewesha kazi. Sawa, ichelewe hapo. Rangi za vitufe zipite kwa mhakiki mmoja, hata kama amelala nusu.