Kubeba madodoso tu? Hapana!

Najua wengi mko bize na mitihani, lakini hili siwezi kulilalia.

Kuna mradi hapa chuoni wa kutafiti ukatili na kiwewe kwa watoto. Tangazo la wasaidizi limebandikwa: uwe umeshamaliza shahada ya kwanza. Sisi wa ualimu tumeachiwa kubeba madodoso na kupanga viti. Nikauliza, nikajibiwa eti "nyie bado wadogo, mambo haya mazito."

Mazito kwa nani? Utafiti wa kitaifa wa 2009 ulionyesha kuwa karibu wasichana 3 katika kila 10 Tanzania walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kufika miaka 18, na wavulana karibu 1 katika kila 7. Waliopigwa kabla ya umri huo walikaribia robo tatu. Hao ndio watoto tunaopelekwa kuwafundisha kwenye mazoezi, darasa limefurika, hakuna wa kutushika mkono. Yaani kusimama mbele ya majeraha tumeshakua, ila kujifunza kuhusu majeraha ndiyo bado wadogo!

Tena utafiti wenyewe unatuhitaji. Muulize mtoto wa darasa la sita, "Umewahi kufanyiwa ukatili?" Atasema hapana. Muulize, "Mwalimu amewahi kukuchapa?" Atacheka, aanze kuhesabu. Kwake fimbo si ukatili, ni shule. Wala hatakuambia ana kiwewe. Atasema usingizi hauji, au anashtuka mlango ukigongwa. Dodoso lililotafsiriwa ofisini linapita pembeni ya hayo yote. Sisi juzi tu tulikuwa kwenye madawati hayo hayo.

Sikatai, upande wa pili wana hoja. Siri za watoto si za kupigia soga kantini, na anayesikiliza habari hizi kila siku naye huumia. Sawa kabisa. Ila dawa yake ni mafunzo, kiapo cha kutunza siri na msimamizi wa kuzungumza naye kila wiki, si kufunga mlango. Tuanze na kuingiza data na kujaribu maswali. Kumhoji mtoto kuje baadaye, kwa aliyefuzu. Na nauli tulipwe jamani, bumu lenyewe mnalijua.

Mwalimu hubadilika akifundishwa. Mwaka 2018 yalichapishwa matokeo ya mafunzo yanayoitwa ICC-T kwa walimu wa sekondari za umma hapa nchini: waliopewa mbinu nyingine za nidhamu walipunguza kupiga kuliko wenzao wasiopewa. Sasa kwa nini tusubiri mtu ashike fimbo miaka kumi ndipo tumfundishe kuiweka chini? Samaki mkunje angali mbichi, ndivyo tunavyoambiwa tukawafanyie watoto. Basi na sisi mtukunje sasa.

Mwenye hoja tofauti alete. Mabishano ruksa.