Miguu peku si sifa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika ukurasa huu ili nimjibu msomaji mwenzangu ambaye barua yake ilitoka hapa hivi karibuni. Ndugu huyo alipinga wazazi kuchangishwa fedha za kuwanunulia wanafunzi wa shule za msingi daluga. Alisema hiyo ni anasa. Ili kuipa nguvu hoja yake, akatukumbusha fainali ya Ngao ya IFA ya mwaka 1911 kule Calcutta, India, ambapo Wahindi waliocheza miguu peku waliwafunga askari wa Kiingereza waliovaa viatu. Akamalizia kwa kuuliza watoto wetu wana nini hata washindwe.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi kijijini na ndiye ninayesimamia michezo. Hadithi ya fainali hiyo naipenda sana na nimeisimulia darasani mara nyingi. Lakini naona ndugu yangu ameichukua nusu, na nusu aliyoiacha ndiyo yenye mafunzo.

Ni kweli kwamba Ngao ya IFA ilianza kushindaniwa mwaka 1893, na kwa miaka yote iliyofuata ilibebwa na timu za Waingereza, nyingi zikiwa za jeshi. Tarehe 29 Julai, 1911, Mohun Bagan, klabu ya Wabengali iliyoundwa mwaka 1889, iliingia uwanjani kupambana na kikosi cha East Yorkshire. Watu walifika kwa maelfu mengi, wengine kwa treni na meli kutoka mbali. Waliokosa pa kusimama walipashwa habari kwa tiara zilizorushwa angani kuonyesha idadi ya mabao. Askari walitangulia kufunga. Nahodha wa Mohun Bagan, Shibdas Bhaduri, akasawazisha, na muda ukiwa unayoyoma Abhilash Ghosh akafunga la pili. Mchezo ukaisha 2-1. Kwa watu waliokuwa wakitawaliwa na kuambiwa kila siku kwamba wao ni dhaifu, ule haukuwa ushindi wa mpira tu. Mpaka leo wapenzi wa klabu hiyo huiadhimisha tarehe 29 Julai.

Sasa nije kwenye nusu iliyoachwa.

Kwanza, Mohun Bagan hawakushinda kwa sababu ya kukosa viatu. Walishinda kwa sababu walijiandaa. Timu ile ilikuwa imetwaa Kombe la Trades mara tatu mfululizo, tangu 1906 hadi 1908. Katibu wao, Sailen Basu, alikuwa mtu wa jeshi na aliwafanyisha mazoezi ya viungo ya kweli kweli. Kabla ya fainali waliifunga St. Xavier's 3-0, Rangers 2-1 na Rifle Brigade 1-0, kisha wakatoka sare 1-1 na kikosi cha Middlesex na kukifunga 3-0 waliporudiana. Timu inayopita njia ya namna hiyo haibahatishi. Anayetaka kuiga mwaka 1911 na aige mazoezi, pasi na nidhamu.

Pili, si wote waliocheza peku. Mlinzi wao wa kushoto, Sudhir Chatterjee, ambaye baadaye alikuwa mchungaji, alivaa viatu. Hapa nikiri kosa langu. Mwaka jana mvulana mmoja wa darasa la sita aling'oka ukucha kwa kujikwaa kwenye kisiki uwanjani kwetu, na wenzake wakaanza kusitasita kucheza. Nikawasimulia habari za Mohun Bagan ili niwatie moyo, nami nikataja kwamba mmoja tu alikuwa na viatu. Yule aliyeumia akanyosha mkono na kuuliza, "Mwalimu, huyo mmoja alivaa kwa nini?" Sikuwa na jibu. Nilichokuwa nikifanya si kuwatia moyo, bali kuwanyamazisha kwa hadithi nzuri.

Jibu ni jepesi. Alivaa kwa sababu alikuwa navyo. Wenzake walicheza peku kwa kuwa walikulia hivyo, na viatu vilikuwa ghali kwa vijana wa kawaida wa nchi iliyotawaliwa. Hawakuapa kuvikataa.

Tatu, Wahindi wenyewe hawakuishia pale. Baada ya 1911 ilipita miaka 25 kabla ya timu nyingine ya Kihindi kuitwaa ngao ile. Timu hiyo ilikuwa Mohammedan Sporting ya hapo hapo Calcutta, mwaka 1936. Hawa walitambua kwamba mvua ikinyesha, mchezaji wa peku huteleza kwenye tope na mwenye viatu humpita. Basi uwanja ulipolowa, wao walivaa viatu. Mwaka 1934 wakawa timu ya kwanza ya Kihindi kutwaa ubingwa wa ligi ya Calcutta, na wakautwaa miaka mitano mfululizo. Mwaka 1940 wakalichukua Kombe la Durand, lililoanza mwaka 1888 kwa ajili ya askari wa Kiingereza, kwa kukifunga kikosi cha Royal Warwickshire 2-1 mjini Delhi.

Sikatai kwamba India ilipata mafanikio mengine na wachezaji wa peku, kwa mfano medali ya dhahabu ya michezo ya Asia mwaka 1951. Lakini mwaka uliofuata, katika baridi ya Helsinki kwenye michezo ya Olimpiki, ilifungwa na Yugoslavia 10-1. Baada ya hapo viongozi wa mpira wa India waliamuru wachezaji wavae viatu. Mwaka 1956 kule Melbourne, India ilishika nafasi ya nne katika Olimpiki. Wenye hadithi wenyewe wameshasonga mbele, sisi tunataka kubaki nyuma kwa niaba yao!

Ndugu Mhariri, sisemi kwamba mtoto asiye na daluga asicheze. Watoto wangu watacheza kesho jioni, na wengi wao watacheza peku. Ninachopinga ni mtu mzima, ambaye mwenyewe amevaa viatu, kuugeuza uhaba wa mtoto kuwa sifa ili asitoe mchango.

Nashauri mambo mawili. La kwanza halina gharama: wazazi na walimu tutoke siku moja na majembe, tung'oe visiki na kuokota vigae na chupa viwanjani. La pili, kila shule iwe na daluga chache za pamoja, zitunzwe stoo kama jembe la shule, na zitolewe siku za mechi. Hata zikiwa jozi kumi na moja tu, zitavaliwa na watoto wengi kwa miaka kadhaa.

Hadithi ya 1911 nitaendelea kuisimulia. Ila sasa nitaanza na yule mmoja aliyevaa viatu.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mwalimu wa Michezo,
Shule ya Msingi.