Mume Anapobisha Hodi kwa Mkewe Ng'ambo



Mwezi huu twataka kuzungumza juu ya jambo lililoingia katika nyumba zetu nyingi za pwani, nalo ni mume na mke kuishi nchi mbalimbali, mmoja hapa na mwenziwe Ulaya, na kuonana kwao kuwa ni kwa kibali cha mgeni wa matembezi. Jambo hili limetufika sisi wenyewe mlangoni, kwa hivyo hatusimulii ya kusikia.

Kijana mmoja wa Mombasa, ambaye tulimsomesha juzuu ya Amma alipokuwa na miaka 7, ana duka dogo la vyombo na ameoa mke mwema. Mwishoni mwa mwaka 2024 mkewe alipata kazi ya kuwatunza wazee huko Uingereza, akafikia kwa kaka yake wa damu aliyetangulia kuishi huko. Walipoagana waliambiana ya kuwa baada ya miezi michache mume atamfuata. Kumbe hawakuuliza. Serikali ya Uingereza ilikuwa imekwisha kuamua, tangu tarehe 11 Machi 2024, ya kwamba mtunza wazee anayeingia kwa kibali cha kazi hiyo hana ruhusa ya kumleta mume, wala mke, wala watoto. Muuguzi na daktari waweza kuwaleta watu wao, lakini yeye hawezi. Na tarehe 22 Julai 2025 mlango wa kuajiri watunza wazee wapya kutoka ng'ambo ulifungwa. Waliokwisha kuingia wako huko, na wenzi wao wako huku.

Basi kijana yule hakubakiwa na njia ila ile ya mgeni. Alitujia baada ya sala ya Alasiri, akakaa barazani, akatuomba barua. "Maalim," alisema, "niandikie kuwa nafundisha katika chuo chako, na kuwa mshahara wangu ni shilingi 80,000 kwa mwezi. Na penye swali la nani ninaye huko, nitaandika sina mtu, naenda kuutazama mji wa London tu." Watu walikuwa wamemwambia ya kwamba akikiri kuwa mkewe yuko huko, atadhaniwa kuwa hatarudi.

Twakiri ya kuwa moyo wetu uliyumba. Twamjua kijana huyu, si mhuni wala si mwongo. Barua yenyewe ni mistari minne, na muhuri wa chuo umo katika mtoto wa meza. Lakini ni sisi tuliomfundisha ile adabu iliyomo katika Suratun-Nur, ya kuomba idhini kabla ya kuingia katika nyumba isiyo yetu, na ya kurudi bila ya kinyongo tukiambiwa turudi. Je, adabu hiyo ni ya nyumba za mtaani petu peke yake, na katika mlango wa nchi ya watu haina kazi? Abishaye hodi kwa jina la uongo hakuomba idhini, bali ameiiba. Tukakataa. Mama yake alipopata habari alikata kutuamkia kwa muda wa miezi mitatu, akipita barazani petu hugeuza uso. Sisi ni majirani wa miaka mingi, na jambo hilo lilituuma sana.

Sasa yatupasa tueleze kanuni zenyewe, kwa sababu wengi hudanganya kwa kutojua ya kuwa hapana haja ya kudanganya. Mgeni wa matembezi huruhusiwa kukaa Uingereza muda usiopita miezi 6. Kumzuru mume au mke ni sababu halali kabisa ya kuomba ruhusa hiyo. Alitakalo afisa ni kuridhika ya kwamba mwombaji ni mgeni kweli na atarudi kwao. Ya kwamba zipo fedha za safari na za kukaa, ziwe zake au za mwenyeji wake. Na ya kwamba hatafanya kazi huko. Kadhalika haruhusiwi kuyafanya matembezi ya mfululizo kuwa ndiyo makazi yake. Wapo wasemao ya kuwa ukikaa miezi 6 katika kila 12 umesalimika, lakini kanuni haikuandikwa hivyo. Afisa hutazama mwenendo wote. Na mchumba atakaye kufungia ndoa huko, kibali cha matembezi ya kawaida hakimtoshi, kwani kipo kibali chake mbali. Ada ya maombi mwaka 2025 ilikuwa pauni 127, nayo hairudishwi mtu akikataliwa. Ama anayesema uongo katika maombi yake akagunduliwa, aweza kufungiwa mlango kwa miaka 10. Miaka 10, ewe msomaji! Mtoto aliyezaliwa leo huenda akawa amekwisha kuhitimu Kurani.

Ama wale ambao wenzi wao wako Ujerumani, Uholanzi, Ufaransa na nchi nyingine za mapatano ya Schengen, hesabu yao ni ya siku: siku 90 katika kila siku 180. Kutoka Ujerumani kwenda Ufaransa hakuanzishi hesabu mpya, kwa kuwa nchi hizo zote zahesabiwa kama nyumba moja.

Turudi kwa kijana wetu. Alipeleka maombi ya kweli, na akakataliwa. Hatutaki kulificha hilo. Alikuja na barua ya kukataliwa mkononi, akatuambia, "Maalim, ukweli wako ndio huu." Tukaisoma pamoja naye mstari kwa mstari. Juu ya mkewe barua haikulaumu neno. Ililouliza ni hili: fedha nyingi zilizoingia benki wiki moja kabla ya maombi zimetoka wapi, ilhali duka lake halionyeshi mapato kama hayo? Ndipo tulipojua ya kuwa wajomba zake walichangishana wakamjazia hesabu yake ili ionekane imenona, kisha wazichukue tena. Fedha za kuazima zikitolewa kana kwamba ni zako, ni uongo ulioandikwa kwa tarakimu. Nasi tuna sehemu yetu ya kosa, kwani tulimkatalia barua kwa ukali, wala hatukumwuliza juu ya mengine.

Alirudisha fedha za watu, akangoja miezi 6. Kila Jumamosi alipeleka benki mapato ya duka, yakiwa mengi au machache. Akakusanya leseni ya duka, cheti cha ndoa kutoka kwa Kadhi, barua ya mkewe pamoja na hati zake za mshahara, na barua ya shemeji yake ya kuwa atamweka nyumbani kwake. Hakuomba miezi 6, aliomba siku 21, akaeleza ya kuwa zaidi ya hapo duka litakufa. Akapanda basi la usiku kwenda Nairobi kutoa alama za vidole. Safari hii alipewa.

Mtihani mkubwa ulimngoja huko huko. Siku zilipokaribia kwisha mkewe alilia, akamwuliza kwa nini arudi ilhali ruhusa ni ya miezi 6. Na mtu mmoja wa huko alimwambia ya kuwa ipo kazi ya ghala, malipo mkononi, hapana atakayejua. Kijana alirudi siku ya 21. Tulipomwuliza ni lipi lililomrudisha, alisema, "Maalim, nilimwona mke wangu akitoka usiku kwenda kazini, nami nimekaa kitini kama mgeni. Nikajua ya kuwa hapa sijawa na nyumba. Nikivunja niliyoyaandika, sitaruhusiwa tena hata kukaa katika kile kiti."

Hatusemi ya kuwa ukweli umemlipa. Mkewe yungali huko, kitanda chake yungali akilala peke yake, na mama yake ametuamkia tena lakini si kwa uchangamfu wa zamani. Matembezi ya siku 21 hayaponyi utengano wa miaka, wala hayakuwekwa kwa kazi hiyo. Ni hodi tu, na abishaye hodi hajapewa nyumba.

Kwa hivyo twawausia ndugu zetu, na hasa wazazi wanaofurahia barua ya kazi ya ng'ambo. Kabla ya kutia sahihi, ulizeni: je, mwenzi aweza kufuata? Msiulize kwa wakala peke yake, someni kanuni ya serikali yenyewe au msomewe na mtu mwaminifu. Jibu likiwa ni hapana, basi mume na mke wakae pamoja waweke muda, waseme tutatengana miezi kadha, kisha mmoja wetu arudi. Imepokewa ya kwamba Sayyidna Umar bin Khattab aliwawekea askari wake muda wa kukaa mbali na wake zao, na hao walikuwa katika jihadi. Sisi tuliotengana kwa ajili ya mshahara twahitaji muda huo zaidi.

Na mkiwa mmekwisha kutengana, bisheni hodi kwa majina yenu ya kweli. Mkiambiwa karibuni, ingieni kama wageni. Mkiambiwa rudini, rudini mkatengeneze kilichopungua, kisha mbishe tena.

Wabillahi tawfiq.